Mahali pa Taa ya Badi

Mambrui,
21 Aprili 2025

Kwa kaka yangu Abdulkadir,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Barua yako ya kabla ya Ramadhani ilinifikia, nikaiweka juu ya kabati nikisema nitaijibu baada ya Idi, na Idi nayo imepita, watu wamesahau hata ladha ya mahamri. Sikuwa na ugomvi nawe. Nilikuwa na jambo nisilolijua jina lake, na wewe hupendi kuandikiwa mambo yasiyo na jina.

Ningepiga simu, lakini wewe huisikii na mimi siioni. Basi tumerudi kwenye karatasi. Jefwa, dereva wa lori la chumvi kutoka Gongoni, amekubali kupitisha barua zetu kila anaposhuka Mombasa. Hataki malipo. Anataka nimwombee dua breki zake.

Mahira amerudi nyumbani. Eda yake imekwisha na habari za mumewe hazisemi, nami simuulizi. Ameanza kuuza maji ya matunda: ukwaju, pasheni, maembe. Blenda yake ina kelele za kumwamsha maiti, kwa hiyo nilimwambia akafanyie kazi uani, penye mfereji wa bomba la maji na kivuli. Uani hapakuwa na umeme ila ile taa ya ukutani. Akamleta fundi wa Gongoni aitwaye Sanga, mtu wa makamo, msemaji haba. Sanga akaiondoa taa, na mahali pake akafunga soketi ya nje, yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Swichi ya ndani, tuliyokuwa tukiwashia taa, ameibandika utepe mweusi ikiwa imewashwa, kwa sababu mimi kwa mazoea yangu ningeizima kila asubuhi na blenda ingelala.

Nilimwambia Mahira, "Marehemu babako aliifunga taa ile kwa mkono wake, na waya wake aliupitisha ukutani mwenyewe." Akanijibu, "Mama, taa haijafa. Iko kabatini."

Unajua kwa nini nilisema hivyo. Badi alianguka pale pale, chini ya taa yake, akitawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri. Tuliambiwa ni moyo. Watu wote walisema ni mwisho mwema, mtu kufa na udhu wake, na maneno yale ndiyo yaliyonisimamisha. Lakini tangu siku ile siendi kwenye mfereji ule kukiwa na giza. Alfajiri na usiku hutawadha bafuni. Uani huenda adhuhuri na alasiri tu, jua likiwaka.

Sasa jambo lenyewe. Tangu taa ilipoondoka, nikitawadha uani mkono wangu wa kulia hufa ganzi. Huanza vidoleni kama sisimizi, hupanda hadi kwenye kiwiko, na kifua hunibana kama niliyefungwa kanga na mtu mwenye hasira. Nikiondoka pale, huisha. Mahira sijamwambia.

Wewe ndiye uliyekuwa na mama yetu. Kiharusi chake kilianzaje?

Dada yako,
Kaltuma


Kibarani, Kilifi,
25 Aprili 2025

Kwa dada yangu Kaltuma,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Kimya chako nimekusamehe. Sikusamehei kuandika ukurasa mzima wa blenda na utepe mweusi kabla ya kutaja kwamba mkono wako unakufa.

Umeuliza, nitakujibu bila kupamba. Mama alikuwa akichekecha unga. Alisema ana sisimizi vidoleni, mkono wa kulia. Tulicheka, tukamwambia unga umemwingia kuchani. Kabla ya mwezi kwisha hakuweza kulitamka jina langu, akawa ananiita kwa kugonga ukingo wa kitanda. Sijapata kukueleza habari ya kugonga huko, na sitaieleza tena.

Kwa hiyo fanya ninayokuagiza. Nenda hospitali Malindi, upimwe shinikizo la damu na moyo. Mwambie Mahira leo. Usibebe ndoo. Usitawadhe peke yako.

Ningekuja mwenyewe, lakini tangu nilipovunjika nyonga sipandi gari ila kwa kubebwa, na magongo yangu hayafiki hata kwenye duka la dawa la Everlyne bila ya kupumzika njiani. Everlyne ndiye anayenipigia simu zangu siku hizi na kuniandikia majibu kwenye karatasi. Nambari yake iko nyuma ya bahasha.

Niandikie upesi. Sina usingizi.

Kaka yako,
Abdulkadir


Mambrui,
5 Mei 2025

Kwa kaka yangu Abdulkadir,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Nimefanya kama ulivyoagiza. Daktari alinipima kila mahali panapopimika. Shinikizo la damu ni la msichana, moyo hauna neno. Aliniambia, "Mama, wewe utatuzika sisi." Mahira alicheka. Mimi nilirudi nyumbani na hofu kubwa zaidi, kwa kuwa maradhi yana dawa, na hili langu si maradhi.

Fikiri nami. Halinipati jikoni, halinipati bafuni, halinipati nikifua wala nikisuka ukili wa mkeka. Hunipata uani tu, na uani penyewe ni ninapotia udhu tu, maji yakishanipita kwenye viwiko na miguu yangu ikiwa mitupu. Kitu gani humvizia mtu akijitoharisha kwa Mola wake? Mvua za juzi zimezidisha. Jana niliushika mfereji na mfereji ukanishika. Nilisoma Ayatul Kursiy hadi ukaniachia. Na paka wetu, yule wa rangi ya tangawizi, hapiti tena penye unyevu. Huzunguka kwa juu ya ukuta na kuniangalia.

Bi Mwanamize wa nyumba ya pili amesema waziwazi nililokuwa nikiliogopa. "Ua wako ulikuwa na taa ya maiti, mkaing'oa. Kilichopo hapo kilikuwa kikiuonea haya mwanga." Mahira akamwambia, "Bi Mwanamize, kile kina haya kuliko wewe basi." Wakanuniana.

Jambo moja tu hunipa nguvu. Nikivaa mitalawanda ya mama, vile viatu vyake vya mti alivyokuwa akitawadhia, hakinigusi. Nimejaribu mara nyingi. Nikivivaa, salama. Nikivivua nioshe miguu, kinakuja. Nimelia kwa hilo, kaka. Baraka ya mama inanilinda hata leo.

Nimemweleza Maalim Shee, unamjua, aliyekuwa akisomesha chuo karibu na msikiti. Ni mtu mwema na hadai kitu. Atakuja Ijumaa hii baada ya sala ya alasiri, na watu wa kisomo. Ataandika kombe, yaani aya juu ya sahani, kwa zafarani, alioshe kwa marashi na maji ya kisima, kisha maji yale yamwagwe ukutani pale pale palipokuwa na taa, yateremke hadi kwenye mfereji. Mimi nitasimama chini yake, nimeshika mfereji, miguu mitupu. Mitalawanda amesema niiache ndani, ili kilichopo kijitokeze, kisijifiche nyuma ya baraka ya mama.

Ninaogopa sana. Lakini ninaogopa zaidi kuendelea hivi. Niombee siku ya Ijumaa.

Dada yako,
Kaltuma


Kibarani,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kaltuma,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Lori la Jefwa liliharibika Gede na likalala huko. Nimeisoma nimesimama. Ninaandika na mtu wa pikipiki amengoja mlangoni na injini haijazimwa.

Usimwage maji ukutani. Usiushike mfereji. Usiingie uani kabisa.

Jini gani huyu anayeogopa mbao? Jini aliyeishi tangu enzi za Nabii Suleiman, apite kwenye maji, apite kwenye chuma, apite kwenye mwili wa Muislamu, kisha ashindwe na kiatu cha mti? Si baraka ya mama. Ni mti. Umeme haupiti kwenye mti mkavu. Ulikuja siku soketi ilipowekwa na hukuutilia shaka, kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye taa iliyoondoka, si kwenye kitu kilichoingia. Na mimi niliyesoma nilikuwa nikiutazama mkono wa mama.

Fundi huyo ameikosea soketi na bomba lako lina umeme. Zima swichi kubwa ya nyumba, ile iliyo chini ya mita. Uizime ukiwa umevaa mitalawanda.

Everlyne amekupigia simu mara nyingi, haipatikani. Ya Mahira inaita na haipokelewi. Bila shaka blenda inanguruma.

Yeyote atakayeipokea barua hii, kama si Kaltuma, aisome kwa sauti papo hapo.

Abdulkadir


Kibarani,
Jumamosi, 10 Mei 2025

Kwa dada yangu Kaltuma,

Sijui ninamwandikia nani.

Mtu wa pikipiki alirudi jana. Ninamuuliza, yeye anasogeza midomo, mimi siambulii kitu. Nilimpa karatasi. Ameandika kwamba alifika alasiri imekwisha kusaliwa, kwamba mlangoni palikuwa na viatu vingi na watu wengi, na kwamba barua aliitia mkononi mwa mwanamke mzee aliyemfungulia. Nikamwandikia: walikuwa wakilia? Akaandika: walikuwa wakisoma, mzee.

Na kisomo husomwa kwa walio hai na kwa waliokufa. Nimekaa na karatasi ile tangu jana, dada yangu. Watu wale wa mlangoni walikuwa wa kombe au wa matanga?

Simu ya Mahira nayo sasa haipatikani. Everlyne anajaribu tena. Kila anapoiweka simu sikioni ninamtazama uso, na yeye ameanza kunipa mgongo anapopiga.

Jefwa atapita leo. Nimemwambia asiondoke Mambrui bila ya kukuona kwa macho yake.

Abdulkadir


Mambrui,
14 Mei 2025

Kwa kaka yangu Abdulkadir,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Ni mimi, kwa mkono wangu. Everlyne atakuwa amekwisha kukuonyesha ule ujumbe Mahira aliotuma kwa simu ya jirani, kwamba sote tu hai. Simu zetu zote zimezimika kwa kuwa nyumba haina umeme. Nitakueleza kwa utaratibu.

Mwanamke aliyeipokea barua ni Bi Mwanamize. Aliiona bahasha, akaona si ya pesa, akaiweka kwenye sinia la ubani. Kisomo kiliendelea hadi kikaisha. Maalim Shee alikuwa ameshalimwaga kombe kidogo ukutani kwa kuanzia, na mimi nilikuwa navua mitalawanda. Ndipo Bi Mwanamize akasema, "Kuna barua imetoka Kilifi, isije ikawa ya msiba." Miwani yangu ilikuwa ndani. Maalim akaichukua akaisoma kwa sauti, mbele ya watu wote.

Kaka, una ulimi. Alipofika kwenye jini anayeogopa mbao, vijana wa chuo waliinamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Mahira hakungoja mwisho, alikwenda ndani kuitafuta swichi kubwa. Maalim Shee aliikunja barua vizuri akanirudishia. Akasema kwa upole, "Nduguyo ni mtu wa hoja. Basi tumjibu kwa hoja." Akavua kandambili zake, akakanyaga maji, akaushika mfereji.

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu atapiga kelele. Alisimama wima akatetemeka, macho yametutazama sote bila kutuona, na mkono umefumba juu ya mfereji. Bi Mwanamize akasema, "Kimempanda." Mimi nilikuwa nimeshaurudisha mguu kwenye kiatu cha mti. Nikauchukua mchi wa kinu ulioegemea ukuta, nikampiga mkononi kwa nguvu zangu zote, na mara ya pili akaachia akaanguka. Papo hapo feni ya ndani ikasimama. Mahira alikuwa ameizima nyumba.

Yu hai. Yuko kwao, anakunywa uji. Mfupa wa mkono nimeutegua mimi, na kiganjani ana alama nyeupe ngumu, duara kama sarafu, isiyotoa damu. Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Bi Kaltuma, ulinitoa. Lakini mchi ule ni mzito." Mkewe hajanisamehe.

Kesho yake alikuja Sanga. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nayo mengine ni yako. Aliitoa soketi, akaifungua mapajani mwangu kama mtu anayemchambulia mgeni samaki. Ndani ilikuwa safi na kavu. Akaniambia, "Mama, kosa langu ni kwamba sikuupima waya wa ukutani kabla ya kuutumia, na hilo sitalikana. Lakini umeme hautoki hapa." Akapima huku na huku na kifaa chake, kisha akanionyesha kwa kidole ukutani. Waya alioupitisha Badi umeteremka ubavu kwa ubavu na bomba la chuma. Plasta ile ni ya mchanga wa pwani. Chumvi imekula ngozi ya waya kwa miaka, na waya umelala juu ya bomba.

Nikamuuliza, "Mbona zamani hatukuona kitu?"

Akasema, "Taa ilikuwa inazimwa mchana, mama. Ikizimwa, waya unalala. Soketi haizimwi, nilibandika utepe mwenyewe. Waya sasa uko macho mchana na usiku." Kisha akauliza kama asiyetaka kuuliza, "Usiku taa ikiwaka, nani alikuwa akitumia mfereji huu?"

Nikamjibu kwamba mimi hutawadha bafuni kukiwa na giza. Nikamjibu kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akitawadha hapa, alfajiri, na taa yake inawaka.

Sanga alianza kukusanya vifaa vyake.

Amesema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuukata waya ule uzikwe humo humo ukutani, apitishe waya mpya juu kwa juu ndani ya bomba la plastiki, soketi irudi, na ukuta usiguswe. Ya pili ni kuuvunja ukuta, kuutoa waya wote, na kuona. Mahira anataka biashara yake irudi, lakini hasemi ni njia ipi. Tangu juzi hanitazami usoni.

Dada yako,
Kaltuma


Kibarani,
17 Mei 2025

Kwa dada yangu Kaltuma,

Wa alaykum salaam. Namshukuru Mola kwa uhai wako. Mpe Maalim Shee salamu zangu na umwambie barua ile niliiandika kwa haraka.

Kuhusu ukuta, usiuvunje. Mwambie Sanga apitishe waya juu kwa juu, aufunge vizuri pamoja na waya wa ardhini, na ule wa zamani aukate pande zote mbili. Gharama nitaituma. Nyumba ile ni kongwe, ukiligusa jiwe moja yatashuka kumi. Hakuna faida yoyote ya kuona waya uliooza. Waya uliooza ni waya uliooza.

Badi alikufa kwa moyo. Daktari aliandika moyo. Alikufa na udhu, na hilo halibadilishwi na fundi wa Gongoni.

Usinieleze tena habari ya kiganja cha Maalim.

Ninasema haya kama mkubwa wako. Ukuta ubaki ulivyo.

Kaka yako,
Abdulkadir


Mambrui,
22 Mei 2025

Kwa kaka yangu Abdulkadir,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Barua yako nimeisoma mchana, nikaisoma tena kwa kandili, kwa kuwa umeme bado sijaurudisha. Mahira anauza kwa jirani, analipia soketi yao. Mfereji Sanga ameufunga kwa gunia. Tunatawadha ndani, kwa birika, na sote wawili tumezoea kuvaa mitalawanda hata tukipika.

Nimekutii miaka yote. Ulinichagulia chuo, ukanichagulia Badi, na hukunichagulia vibaya. Lakini hujapata kuniamrisha jambo mara tatu katika ukurasa mmoja. Nilizihesabu, nikaogopa. Niliogopa kuliko nilivyouogopa ule mfereji.

Wewe ndiye uliyemwosha Badi. Mliingia wanaume, mkafunga pazia, mkatoka mmemaliza, na wewe uliniambia, "Uso wake ulikuwa mzuri." Ni kweli, niliuona uso. Mikono ilikuwa imekwisha kufungwa ndani ya sanda.

Sikuulizi. Nisome vizuri, kaka: sikuulizi. Usinijibu kwa barua, usimtume Everlyne, usimwambie Jefwa. Ukuta uko hapa, na ninaweza kuuuliza wenyewe, au nikauacha. Nikiuacha, nitabaki na mume aliyekufa na udhu wake chini ya taa aliyoifunga kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyelalamika kwamba uani kuna giza. Nikiuvunja, huenda nikabaki naye huyo huyo, na huenda nisibaki naye. Mahira pia ana haki ya kujua, au ana haki ya kutojua, na sijui ni ipi ninayopaswa kumlindia.

Sanga amesema anaweza kuja siku yoyote, kwa nyundo au kwa bomba la plastiki. Amesema havileti vyote viwili, nimwambie kimoja.

Leo nimeitoa taa kabatini nikaifuta vumbi. Kioo chake hakina ufa. Nimeirudisha.

Nikishaamua, nitakuandikia. Kabla ya hapo usiandike.

Dada yako,
Kaltuma